Barua ya wazi kwa wanaosimamia usalama wetu chini ya Mlima Hanang: hili gogo ni la lini?

Fundi ujenzi,
Katesh, Wilaya ya Hanang,
Mkoa wa Manyara.

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara, Mkuu wa Wilaya na Halmashauri ya Wilaya ya Hanang, Idara ya Menejimenti ya Maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

YAH: ARDHI ILIYO CHINI YA NYUMBA ZETU

Waheshimiwa, salaam.

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni fundi ujenzi hapa Katesh. Kazi yangu kubwa ni misingi na kuta. Kupaua nawaachia wengine. Kwa zaidi ya miaka 20 nimechimba misingi karibu kila upande wa mji huu, kuanzia kandokando ya barabara kuu ya Babati kwenda Singida hadi kule juu Jorodom, ambako nyumba za mwisho zinakutana na msitu. Nawaandikia kwa sababu ya kitu nilichokikuta ardhini, na kwa sababu mwenye kiwanja aliniuliza swali nikashindwa kulijibu.

Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 lilimwachia mama huyo mwenye kiwanja ukuta wa nyuma na nusu ya chumba cha watoto. Miezi kadhaa baadaye aliniita nimjengee upya vyumba viwili palepale, kwa kuwa hana pengine. Nilivuta kamba, nikaanza kuchimba na vijana wangu wawili. Juu kabisa tulikuta tope la 2023 lenyewe, limekauka na kuwa gumu kama tofali bichi lililopigwa jua, limejaa mawe na vipande vya mizizi. Lilitufika kiunoni. Chini yake tukakuta ardhi ya zamani ya yule mama: udongo mweusi, mabua ya mahindi yaliyolala upande mmoja yote, na ndala ya mtoto. Tulisimama kidogo pale. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuendelee.

Tukaendelea, kwa sababu msingi nilitaka uanzie kwenye ardhi iliyokuwepo, si juu ya tope. Mita moja hivi chini ya ule udongo mweusi, sururu ikagonga mawe. Kwa kawaida hapo ndipo fundi wa Katesh anapofurahi. Tunaambiana, "Tumefika pagumu," tunaanza kupanga mawe ya msingi. Nimesema maneno hayo mara nyingi sana maishani mwangu. Safari hii, kwa kuwa shimo lilikuwa pana na nilikuwa nimetoka kuchimba tope lililo jipya kabisa, niliyaona yale mawe kwa jicho jingine. Yalikuwa makubwa kwa madogo, yamechanganyika bila mpangilio, yameshikwa na udongo wa kahawia, mengine yamesimama wima kama yaliganda yakiwa yanatembea. Yalifanana na tope la juu kwa kila kitu isipokuwa umri. Na katikati yake lilikuwepo gogo, unene wa paja, jeusi, limelainika hata ukucha unaingia.

Yule mama aliinama akalitazama, akaniuliza, "Fundi, na hili ni la lini?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu ya barua hii.

Waheshimiwa, kwa miaka yote hiyo nilidhani pale sururu inapogonga ndipo mwamba wa nchi ulipo. Sasa naamini sehemu ya mji wetu imekaa juu ya tope la kale, labda la matukio kadhaa, na kwamba kilichotukuta mwaka 2023 si kitu ambacho mlima ulikifanya kwa mara ya kwanza. Mimi si mtaalamu wa miamba. Lakini shimo nimelichimba mwenyewe.

Siku ile ya maafa watu wengine walikimbia wakipiga kelele kwamba volkano imelipuka. Serikali ilitoa ufafanuzi mapema: hapakuwa na mlipuko, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikazidiwa, ikameguka, na ule mmeguko ukageuka tope lililofuata korongo mpaka kwenye makazi. Ufafanuzi ule ulitutuliza. Nahofia kwamba ulitutuliza kupita kiasi, kwa sababu wengi walielewa kuwa kama si volkano basi ni bahati mbaya ya mvua, na bahati mbaya hairudi mara mbili.

Hanang ni mlima wa volkano, hata kama moto wake umezimika siku nyingi mno. Uko mwisho wa kusini wa mkondo ule wa milima ya Bonde la Ufa inayoanzia kule Ol Doinyo Lengai na Ngorongoro, na kule Basotu ardhi imetobolewa mashimo ya milipuko ya zamani ambayo leo ni maziwa. Mlima wa namna hii haukujengwa kwa jiwe moja. Ulijengwa kwa majivu, kokoto za moto na lava, tabaka juu ya tabaka, kwa muda mrefu. Lava ikipoa ni ngumu. Majivu yaliyogandamana ni kitu kingine kabisa: yakikaa kwenye mvua na jua kwa maelfu ya miaka yanaoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, unaokunywa maji na kuteleza. Fikirini ukuta ambao fundi amepanga mstari mmoja wa mawe na mstari mmoja wa udongo mbichi, hadi juu, kisha akauacha umeinama. Huo ndio mlima wetu, na una urefu wa mita 3,417 kutoka usawa wa bahari, huku mji ukiwa zaidi ya mita 1,500 chini ya kilele, karibu kiasi kwamba asubuhi isiyo na mawingu unaweza kuyahesabu makorongo yake ukiwa sokoni.

Mlima Meru unatuonyesha mahali jambo hili linapoweza kufika. Upande wake wa mashariki uliporomoka zamani, kabla ya historia iliyoandikwa, na vilima na maziwa ya Momella ambayo watalii wanakuja kuyaangalia ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha yamekaa juu ya mabaki ya mporomoko ule. Elgon nao ni volkano iliyozimika, na kule Bududa, Uganda, udongo wake ulifukia vijiji mwezi Machi 2010. Kule Bududa mlima haukuhitaji moto ili kuua.

Nataka kueleza tope lilivyo, kwa lugha ya saiti, kwa sababu nimesikia viongozi wengi wakiliita mafuriko, na jina likikosewa hata tahadhari inakosewa.

Chukua ndoo ya maji, tupia kokoto. Inazama papo hapo. Sasa chukua zege lililochanganywa vizuri: kokoto inakaa ilipo, haiendi chini wala haipandi juu, na ukilimwaga zege lote linatembea na kokoto zake. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Mita hiyohiyo ya zege ni tani 2 na zaidi. Tope la mlimani ni zege. Lina mchanga wake, lina udongo mahali pa saruji, na kokoto zake ni mawe ya ukubwa wa kreti, wa meza, wa gari. Mafuriko ya maji yakifika mlangoni unaweza kupanda juu ya meza ukasubiri. Zege likifika mlangoni, mlango, meza na ukuta vinaondoka pamoja nawe. Mawe makubwa na magogo hukaa mbele kabisa, kama kichwa cha treni, na nyuma yake ndipo tope jepesi linakuja likisukuma. Na likishatoka kwenye korongo halina wajibu wa kufuata njia yake ya jana. Linajitandaza, linaziba palipokuwa na mto, kisha linajichagulia upande mwingine.

Siku ile mlio ulitangulia. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, wengi bado wamelala, wengine wanajiandaa kwa ibada ya kwanza. Nilidhani ni malori mengi yameshika barabara kwa wakati mmoja. Halafu nikasikia bati langu linatetemeka ingawa upepo haukuwepo. Kitu ambacho hakuna aliyekitangaza redioni ni harufu: udongo mbichi na miti iliyopasuliwa, kali kama karakana ya mbao, na ilifika kwetu kabla sijaona chochote. Nilipotoka nje kulikuwa na giza bado, na mahali palipokuwa na taa za majirani hapakuwa na taa.

Tuliwapoteza watu 89. Kaya zaidi ya 1,000 ziliguswa. Nilishiriki kutafuta watu kwa sepetu na mikono hadi askari wetu wa JWTZ walipofika na mitambo, na sitaacha kuwashukuru hadharani, pamoja na madaktari, vijana wa Msalaba Mwekundu na wananchi wa mikoa mingine waliotuma unga, magodoro na nguo. Rais alikatisha safari yake ya Dubai akaja kusimama kwenye tope pamoja nasi. Baadaye zilijengwa zaidi ya nyumba 100 kule Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Nimeziona kwa jicho la fundi. Kazi ni nzuri. Sina lawama juu ya namna tulivyookolewa. Ninachoandikia ni kile kitakachotangulia safari ijayo, kabla ya mtu kuhitaji kuokolewa.

Wanasayansi wa dunia wanaujua mji mmoja unaoitwa Armero, nchini Kolombia. Volkano ya Nevado del Ruiz ililipuka usiku wa Novemba 13, 1985, barafu ya kileleni ikayeyuka, tope likashuka mabondeni na kufika Armero baada ya takriban saa mbili na nusu. Walikufa watu wapatao 23,000. Kinachonikosesha usingizi si idadi hiyo peke yake. Mji ule ulikuwa umejengwa juu ya tope lililoganda la mwaka 1845. Na ramani inayoonyesha kuwa Armero iko kwenye njia ya tope ilikuwa tayari imechorwa na kutolewa mwezi mmoja kabla. Tope la kale lilikuwepo chini ya miguu yao, ramani ilikuwepo, na muda wa kukimbia ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka wa kuwaambia, "Tokeni sasa hivi."

Sisi hatuna barafu, na mlima wetu hautarajiwi kulipuka. Lakini gogo ninalo, na ramani sijaiona.

Inawezekana ramani ipo. Najua wataalamu wa jiolojia walikuja baada ya maafa, niliwaona wakipanda na mikoba yao, wakipima na kupiga picha. Naamini walifanya kazi yao vizuri. Ombi langu ni kwamba kazi hiyo isilale kwenye kabati Dodoma. Chora ramani ya njia za tope, korongo kwa korongo, kutoka pale mlima ulipomeguka hadi mahali pa mwisho tope lilipofika, na pale ambapo tope la zamani lilifika pia. Ibandikwe ukutani kwenye ofisi za kata na vijiji vinavyouzunguka mlima: Jorodom, Ganana, Dumbeta, Gendabi na kwingineko. Iwe na rangi ambazo mtu asiyesoma atazielewa. Mwenye kiwanja aweke kidole chake kwenye nyumba yake mwenyewe aone iko kwenye rangi gani. Mimi fundi nikiitwa kujenga, nianzie pale ukutani kabla ya kuvuta kamba.

Hapo kuna jambo ninalopaswa kulisema wazi, maana linanihusu. Miaka kadhaa kabla ya maafa nilijenga nyumba tatu kando ya korongo moja ambalo miezi tisa kwa mwaka ni kavu kabisa, watoto wanachezea mpira ndani yake. Wenye viwanja walikuwa na karatasi za mauziano zenye muhuri. Mmoja wao alinituma mimi mwenyewe kwenye ofisi iliyokuwa ikitoa vibali wakati huo; nikauliza kama pale pana tatizo, nikaambiwa korongo lile ni la msimu tu, halina shida, lipia. Nililipia. Nikajenga kwa mawe niliyoyaokota ndani ya korongo hilohilo. Sikujiuliza yale mawe, makubwa kiasi kile, yalifikaje kwenye korongo lisilo na maji. Kati ya nyumba zile tatu, leo ipo moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kipimo hicho ni kizuri kwa mto unaokaa kwenye njia yake. Kwenye ardhi iliyo chini ya mlima wa volkano, pale korongo linapotoka bondeni na kufunguka, mita 60 hazitoshi, na sehemu nyingine pengine zimezidi. Mita zisihesabiwe kutoka ukingo wa korongo wa leo. Zihesabiwe kutokana na mahali mawe ya kale yalipofika, na hayo yanaweza kujulikana kwa kuchimba mashimo machache, kama lile langu. Toeni wataalamu, sisi mafundi na vibarua tutachimba. Naahidi hilo kwa niaba yangu na ya wenzangu wa saiti ambao tumeshazungumza.

Kuna na jambo la haraka zaidi, ambalo halihitaji kusubiri ramani. Makorongo yetu yamejaa. Tope la 2023 liliacha mawe na magogo kwenye njia za maji, na kule juu mahali palipomeguka pamebaki kidonda chenye udongo uliolegea ambao mvua kubwa inaweza kuushusha tena. Korongo lililokuwa na kina cha watu wawili, leo sehemu nyingine mbuzi anavuka bila kuruka. Maji ya safari ijayo yatalikuta limeziba. Kina mama wamekuwa wakigonga kokoto kutokana na yale mawe, na sisi tunazinunua. Huo ni usafishaji wa kwanza ambao hakuna aliyeulipia. Lakini kuna mawe ambayo nyundo haiyawezi, na kuna magogo yaliyolaliana yakawa kama bwawa. Hayo yanahitaji mitambo, na yanahitaji kuondolewa kabla mvua hazijashika. Bwawa la magogo likikatika kwa ghafla, maji yote yaliyojikusanya nyuma yake yanashuka kwa pamoja.

Nije kwenye mvua. TMA mlitutangazia mapema, mwezi Agosti 2023, kwamba mvua za vuli zitazidi wastani kwa sababu ya El Niño, na kweli zilizidi. Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa maana sisemi hamkutuonya. Onyo la mkoa mzima linamwambia mkulima apande lini. Halimwambii mtu wa Jorodom kwamba usiku huu, saa hii, korongo lililo nyuma ya choo chake limefika kikomo. Mvua iliyotuletea maafa ilinyesha mlimani. Mtu aliyelala mjini aliisikia kwenye bati kama mvua nyingine tu. Milimita 10 za mvua kwenye kilometa 1 ya mraba ni lita milioni 10 za maji, na mlimani juu hakuna kilometa moja ya mraba, ziko nyingi, na zote zinamimina kwenye makorongo yaleyale machache.

Tunahitaji vipimamvua juu mlimani, si mjini tu. TFS mna hifadhi ya msitu ule na mna askari wanaoujua kila mkondo. Vipimamvua vinavyotuma vipimo kwa mtandao wa simu vipo duniani siku hizi, lakini hata kama bajeti haijaruhusu, mtu mwenye kipimamvua cha kawaida, tochi na redio ya mawasiliano anaweza kufanya kazi hiyo usiku wa mvua kubwa. Kiwango kiamuliwe na wataalamu: mvua ikifika milimita kadhaa kwa saa, baada ya siku kadhaa za ardhi kulowa, basi kengele ipigwe. Na kengele iwe kengele kweli. Usiku wa mvua umeme hukatika na simu nyingi ziko chini ya mto zimezimwa. Makanisa yana kengele, misikiti ina vipaza sauti, shule zina rimu za magari zinazogongwa kwa nondo. Wakubaliane mlio mmoja ambao hautumiki kwa kitu kingine chochote.

La muhimu kuliko vifaa ni jina la mtu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, hadi kata na kijiji. Naomba kila kamati ya kijiji chini ya mlima iwe na mtu mmoja anayejulikana, mwenye ruhusa ya kuamuru kengele ipigwe saa nane za usiku bila kumpigia mtu simu kuomba kibali, na ambaye hatalaumiwa ikiwa tope halikuja. Nasisitiza hilo la mwisho. Mtu akihofia kuchekwa asubuhi, atasubiri kidogo, na tope halisubiri. Sisi wananchi nasi tukubali kuamka bure mara tatu, mara nne. Mimi niko tayari kuamka bure kila mvua hadi nife.

Na watu wafundishwe dalili na pa kukimbilia, mashuleni na kwenye mikutano ya hadhara. Korongo lililokuwa linatiririka likikauka ghafla huku mvua bado inanyesha, maana yake limezibwa juu, ondoka. Maji yakibadilika kuwa mazito ya kahawia na kubeba vijiti vibichi, ondoka. Ukisikia mlio kama wa malori, huna muda wa kuchukua begi. Na usikimbie kuteremka na barabara. Siku ile nilimwona jirani yangu akikimbia na njia, kwa sababu ni njia anayoijua, na tope nalo lilishuka na njia hiyohiyo. Kimbilia pembeni, kushoto au kulia kwa njia ya tope, panda popote palipoinuka. Hatua 50 za pembeni zinaweza kuwa bora kuliko 500 za kuteremka.

Kuhusu wale waliohamishiwa Waret, na wale ambao hawakupata nyumba kwa kuwa walikuwa wapangaji au nyumba zao zilibaki zimesimama: wako wanaorudi mmoja mmoja kwenye viwanja vya zamani. Nawajua kwa sababu wananiita kuwajengea. Wanarudi kwa kuwa shamba liko huku, mnada uko huku, shule ya mtoto iko huku, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwa maandishi kwamba pale ni hatari. Msiwawekee alama nyekundu ya X ukutani na kuondoka. Mtu akionyeshwa ramani, akapewa kiwanja kingine chenye hati, na akaruhusiwa kuendelea kulima shamba lake la zamani mchana, ataelewa. Shamba kwenye njia ya tope si kosa. Udongo ule una rutuba, na hata mimi nimepanda mahindi juu ya tope la 2023 yakastawi kuliko ya miaka yote. Kulala pale ndiko kunakoua.

Msitu nao nauombea. Moto unaowashwa kule juu wakati wa kiangazi, kwa kurina asali au kutafuta majani mapya ya mifugo, unaacha mteremko mtupu ambao mvua ya kwanza inaukuta hauna kitu cha kuushika. Sidhani kama miti ingezuia mmeguko mkubwa wa 2023, na naomba tusiwadanganye watu kwamba tukipanda miche basi tumemaliza. Lakini michirizi midogo mingi miti huizuia, na michirizi hiyo ndiyo inayokutana ikawa tope.

Narudi kwa yule mama. Nilimwambia ukweli wa ninachokiona, kwamba sitaki kumjengea pale. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi niambie wapi." Nilimwonyesha kwa mkono sehemu iliyoinuka, upande wa pili wa barabara, nikijua viwanja vya huko hana fedha ya kununua. Leo anaishi chumba kimoja kwa dada yake. Shimo lile sijalifukia. Nimelifunika kwa mabati mabovu na mawe ili mtoto asitumbukie, na kila mvua ikinyesha nakwenda kulitoa maji kwa ndoo ili kuta zake zisibomoke, kwa sababu nataka mlione likiwa vile lilivyo: tope la juu, udongo mweusi, tope la chini.

Nimesikia kwamba wataalamu wanaweza kupima kaboni ya mti uliokufa na kujua ulikufa miaka mingapi iliyopita. Kipande cha lile gogo nilikikata kwa msumeno, urefu wa mkono, nikakikausha kivulini na kukifunga kwenye mfuko wa saruji. Kiko stoo kwangu, juu ya rafu, mbali na mchwa. Mkifika Katesh ulizeni tu mafundi wa soko la chini, watawaleta. Nitawakabidhi kipande hicho, nitawaonyesha shimo, na mkishapata jibu, naomba mje mumwambie yule mama kabla hamjaniambia mimi. Yeye ndiye aliyeuliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi,
Katesh.